Viatu Mlangoni pa Séraphine

Rosalie alikuwa na wivu, na hakuona sababu ya kuuficha. Wanawake wengine wa Nyawera, mjini Bukavu, walikuwa na wivu wa chini chini, wa kuvuta midomo na kukohoa kanisani. Wake ulikuwa wa wazi, parokia nzima iliujua. Mtu akitaja mtaa wa Bagira mbele yake, alishusha kikombe mezani polepole na kuuliza, "Bagira gani?" Kana kwamba ziko mbili.

Sasa mumewe alikuwa amezikwa jana kwenye makaburi ya Ruzizi. Rosalie ameketishwa juu ya godoro sebuleni, nguo nyeusi mpaka kichwani, miguu imenyooshwa, wanawake wa kilio pande zote. Na alichokuwa akifikiria si mbingu, wala si maisha ya ujane. Alikuwa anaangalia geti.

"Atakuya," dada yake Georgette alimnong'oneza. "Mabibi ya namna ile banakuyaka ku matanga. Hawana haya."

"Akuye," Rosalie alisema. "Akikanyaga mu parcelle hii, batu batasahau kama ni matanga. Batasema ni ngumi."

Aliapa hivyo, na aliyemjua alijua kwamba atafanya. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamchoma kuliko kifo chenyewe: kutojua yule mwanamke wa Bagira alikuwa nani kwa mumewe. Marehemu hakuwahi kuulizwa, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Marehemu mwenyewe alikuwa Télesphore Bisimwa, mzaliwa wa kilima kimoja cha Walungu. Baba yake alisifiwa huko kwa jambo moja: hakuna aliyepika kasiksi, pombe ya ndizi, kama yeye. Harusi bila kasiksi yake ilionekana harusi ya haraka haraka. Mapadri wakamchukua mtoto, shule ikampa hesabu, na hesabu ikamteremsha mjini, ikamwingiza benki. Enzi hiyo Wabelgiji ndio waliokaa kwenye guichet, madirisha ya kupokelea wateja, na mtu mweusi alibeba makaratasi kutoka meza hii hadi ile. Akabeba. Miaka ya Zaïre ilipofika na wazungu wakawa wanafunga mizigo, Télesphore akawa mkuu wa guichet zote. Mlangoni pa ofisi yake pakabandikwa kibao: Citoyen Bisimwa, yaani Raia Bisimwa. Télesphore halikuandikwa, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku na kila mtu ameambiwa arudie jina la mababu. Hakulalamika. Alivaa abakosti yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, akaifunga vifungo mpaka shingoni, akaenda kazini.

Nyumbani hakuna aliyemwita Citoyen. Aliitwa Papa Benoît, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kwa ubaba huo hakuna wa kumnyooshea kidole. Jioni alikaa na watoto mezani mpaka kila mmoja amemaliza devoirs zake za shule. Benoît alipopata homa ya uti wa mgongo, baba huyo alimbeba mgongoni chini ya mvua mpaka hospitali, akarudi na abakosti imekunjamana, na kesho yake akawa mtu wa kwanza kufika benki. Hakupiga mtoto. Akikasirika alikunja kitambaa cha kufutia mikono, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama sanduku la kiberiti. Watoto wakiona kitambaa kimefika hapo, walikwenda kulala bila kuambiwa.

Rosalie ndiye aliyemlea hivyo, na alijivunia. Yeye alikuwa binti wa karani wa Kadutu, mmoja wa wale ambao nyumba zao zilikaguliwa na wazungu zamani, kuona kama wamestaarabika: uma zipo? Kitambaa cha meza kipo? Mke anakaa mezani au jikoni? Baba yake alifaulu mtihani huo, na Rosalie alibaki akiufanya maisha yake yote, hata baada ya wakaguzi kurudi kwao. Alipoolewa alimpokea Télesphore kama mtu anavyopokea nguo ya kitambaa kizuri iliyoanguka kwenye udongo. Akaanza kufua. Kwake Mashi, lugha ya kilimani, haikusemwa mezani. Miguu mitupu haikuingia sebuleni. Mume akionekana tu barazani bila viatu, sauti ilitoka jikoni: "Papa Benoît, viatu!" Na pombe ya ndizi haikuvuka kizingiti. Primus, bia ya chupa, ndiyo, ndani ya glasi. Chai ya maziwa, ndiyo. Kasiksi ilikuwa ya watu wa kilimani.

Mzee wa Walungu, baba yake Télesphore, alipofariki, lori la mchanga lilisimama mbele ya geti lao. Juu yake palikuwa na ule mti wake wa kutengenezea kasiksi: shina nene lililochongwa likawa na tumbo, refu kama kitanda, jeusi kwa miaka ya kukanyagiwa ndizi. Ndio urithi Télesphore aliochagua. Ndugu zake walichukua ng'ombe.

Rosalie alitoka na mwiko mkononi.

"Papa Benoît, hii muti haiingie kwangu. Siye haiko bapika-pombe."

Télesphore aliuangalia mti, akamwangalia mkewe. Hakuwa na kitambaa cha kukunja. "Sawa, Maman Benoît," alisema, akapanda mbele karibu na dereva, lori likaondoka. Jioni alirudi kwa miguu bila mti. Rosalie hakuuliza umepelekwa wapi. Alikuwa ameshinda, na mshindi haulizi.

Ndipo Jumamosi zikaanza. Salongo ikiisha asubuhi, watu wakishafagia barabara za serikali na kurudisha majembe, Télesphore alikuwa anaoga, anavaa vizuri, na kusema, "Naenda kusalimia batu ya Bagira." Alirudi jua likishuka, amelegea, ana njaa, analala usingizi mzito. Rosalie hakumwachia boyi fulana za Jumamosi. Alizifua mwenyewe, akizigeuza, akizinusa. Zilikuwa na harufu ya moshi na kitu kitamu kilichochacha, na zilikuwa na madoa ya utomvu wa ndizi, yale meusi ambayo hata sabuni ya kipande haiyatoi.

Mwanamke wa Bukavu hahitaji kuelezwa doa la ndizi. Rosalie akapiga hesabu zake: kuna mwanamke, mwanamke ana shamba la migomba, na mume wangu anamkatia mikungu. Hapo ndipo wivu ulipomkaba. Kwake Télesphore hakushika panga. Tawi la parachichi lilianguka juu ya bati, akaenda kutafuta mtu wa kulitoa! Na huko anakata, anabeba, anatoka jasho, kwa ajili ya mtu.

Akamtuma Georgette akajifanye anatafuta maharagwe ya bei nzuri. Georgette alirudi anahema.

"Nimeona viatu."

"Viatu gani?"

"Yake. Ile nyeusi. Iko ku mulango ya Séraphine, mujane wa Xavier. Imepangwa vizuri, na soksi ndani."

Xavier alikuwa planton pale benki, mtu wa kupeleka makaratasi na kuleta chai, rafiki wa Télesphore tangu kilimani. Alikufa zamani, akaacha mke na kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Rosalie aliketi juu ya gunia la mkaa, akiwa na vazi lake jeupe. Mumewe hakuwa mtu wa kuvua viatu ugenini. Ana miguu mitupu ndani ya nyumba ya mjane, mchana kweupe! Jambo hilo lilikuwa na jina lake Zaïre nzima, mabwana wakubwa walilitamka wakicheka: deuxième bureau, ofisi ya pili, yaani hawara.

Hakumuuliza. Akimuuliza atajibiwa, na yeye alikuwa tayari kuvumilia kila kitu isipokuwa jibu. Alichofanya ni hiki: tangu wiki ile, kila Jumamosi asubuhi, alivichukua vile viatu vyeusi na kuvipaka dawa yeye mwenyewe, akavisugua mpaka vikaonyesha uso wake. Kama lazima vikae mlangoni pa mwanamke, basi mwanamke huyo avione vizuri. Ajue vina mwenyewe.

"Unanipendea sana viatu siku hizi," Télesphore alimwambia mara moja, anafunga kamba.

"Vinatembea sana," alijibu.

Benki ilipompumzisha, ilimpa saa ya ukutani na hotuba. Rosalie alifurahi kama bibi harusi. Mume sasa ni wangu, alijiambia, wiki nzima, kutoka chai hadi chai. Mstaafu akakaa nyumbani siku chache, akisikiliza ile saa. Kisha akaanza kwenda Bagira hata Jumatano. Rosalie alisugua viatu mara mbili kwa wiki, na kila mara alisugua kwa hasira zaidi. Akaendelea hivyo mpaka Jumatatu hii, walipokuwa mezani, chai imeshamiminwa, Télesphore alipoinamisha kichwa juu ya mkate na hakukiinua.

Siku ya pili ya matanga, wanaume wameketi nje chini ya turubai la shitingi, ulifika wakati wa kumkumbuka marehemu, kila mtu na neno lake. Madirisha ya sebule yaliachwa wazi ili wanawake wasikie. Alisimama kwanza Ignace, aliyekuwa mshika kesi, yaani sanduku la fedha, pale benki, mtu mwembamba anayependa kusimama.

"Citoyens, citoyennes," alianza. "Nilikaa pembeni ya Citoyen Bisimwa tangu niko kijana mpaka nikaota mvi. Meno yake sikuyaonaka. Hata siku moja. Gérant, mukubwa yetu, akisema kichekesho, siye wote tunacheka kwa kuogopa kazi. Yeye anapiga tampon, ile muhuri yake."

Watu walicheka kwa adabu. Rosalie alinyoosha shingo. Ndiye huyo, alisema moyoni. Huyo ndiye niliyemtengeneza. Benoît naye akasimulia habari ya kitambaa na habari ya mvua, na mama yake akalia kweli, na kwa muda mfupi akasahau geti.

Geti likafunguka.

Waliingia watu wa Bagira, kikundi kidogo, wanaimba kwa sauti ya chini wimbo wa Mashi. Mbele yao alitembea mwanamke mnene, mwenye mwanya, kitenge cha bluu kilichofifia, na juu ya kichwa jerikani ya njano iliyozibwa kwa majani ya mgomba. Wimbo ulikufa walipoona jinsi watu walivyonyamaza.

Georgette alimfinya dada yake mkono, bila haja, maana Rosalie alikuwa ameshasimama. Mjane haondoki kwenye godoro lake mbele za watu, lakini huyu aliondoka. Alipita katikati ya wanawake, akashuka ngazi, akasimama mbele ya mgeni.

"Unatafuta nini hapa?"

"Pole, maman," Séraphine alisema, akitua mzigo. "Nimeleta pombe ya Tele."

"Tele ni nani?"

"Bwana yako."

Tele! Rosalie alikuwa amemwita Télesphore siku ya ndoa mbele ya padri, kisha Papa Benoît mpaka juzi. Huyu anamwita Tele, hivi hivi, kama mtu anavyoita jirani aazime chumvi.

"Aliikanyagaka yeye mwenyewe, Jumamosi," Séraphine aliendelea. "Alisema Jumatano atakuya kuionja. Jumatano tukamuzika. Nikasema, sasa hii pombe iko ya nani? Haiko yangu."

Rosalie hakuelewa, wala hakutaka kuelewa. Swali alilolilea miaka yote lilikuwa limeshafika mdomoni, akalitoa mbele ya parokia, mbele ya benki, mbele ya watoto wake.

"Viatu ya bwana yangu ilikuwa inafanya nini ku mulango yako?"

Ignace aliangalia chini. Benoît alifunga macho. Séraphine alimtazama Rosalie kwa mshangao wa kweli, mkono kiunoni.

"Maman, sasa angekanyaga ndizi na viatu?"

Mtu mmoja alicheka, halafu wengi. Watu wa Bagira walishindwa kujizuia, na mzee mmoja kati yao, Adalbert, jirani ya Séraphine, akasogea mbele. Alisema ule mti wa Walungu uko nyuma ya nyumba ya Séraphine tangu ulipoletwa na lori. Tele alikuwa anazika ndizi shimoni ziive, akirudi anazimenya, anakunja suruali mpaka magotini, anaingia ndani ya mti na majani ya kukamulia, anakanyaga. Na akikanyaga anazigombeza zile ndizi!

"Anasema: 'Mupange mustari! Wewe mama, usisukume! Leo kesi imefungwa, rudia kesho!'" Adalbert aliinua magoti akionyesha. "Kisha anaimba nyimbo za baba yake. Anacheka peke yake, mpaka anashikilia mugomba asianguke. Na akishatoka mu muti, anajipigia kelele yeye mwenyewe: 'Papa Benoît, viatu!' Njo ananawa miguu, anavaa soksi."

Hapo hata Benoît alicheka, machozi yakimshuka. Ua mzima ulicheka. Rosalie peke yake alisimama wima. Alimshika Séraphine mkono, akamvuta hadi nyuma ya jiko.

"Nipe jibu moja. Ulilalaka naye?"

"Hapana, maman. Mbele ya Mungu na mbele ya Xavier wangu. Anakanyaga, anakunywa kidogo, anacheka, anarudia kwako."

Rosalie alingoja raha imwingie. Ilikuwa haki yake, aliingoja miaka. Haikuja. Kilichokuja ni wivu mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na huu hakuwa na matusi yake. Kwa jambo la kitanda alijiandaa vizuri. Alikuwa na maneno ambayo yangemfukuza Séraphine hadi Walungu. Lakini kucheka?

"Alikuwa anacheka namna gani?" aliuliza.

"Kwa nguvu. Anapiga mapaja. Machozi inatoka."

Rosalie alitafuta kicheko hicho nyumbani mwake, chumba kwa chumba, tangu mwaka wa ndoa. Alikuta pumzi fupi ya puani tu. Alikuta kitambaa kimekunjwa.

"Afazali ungelala naye," alisema. "Ile ningejua namna ya kukutukana."

Waliporudi uani, kibuyu na mrija vilikuwa tayari. Mwenye kuleta pombe ndiye anayeanza kunywa, ili watu waone haina sumu, na Séraphine alifanya hivyo bila kuambiwa: akavuta, akameza, akangoja kidogo, akampa mjane. Watu walimwangalia Rosalie. Wote walijua sheria ya nyumba ile.

Alivuta. Ilikuwa kali, imeanza kuchacha, na ndani yake palikuwa na mtama uliokaangwa na moshi. Aliitambua mara moja. Ilikuwa ile harufu ya fulana za Jumamosi, ile aliyoifua kwa sabuni na hasira kila wiki na kuianika juani mpaka iishe. Akavuta tena, ndefu, macho yamefungwa.

Wanaume walianza kusogea. Ignace alikuja na glasi yake, Adalbert na kikombe cha bati, wote na nyuso za watu wanaotaka kuonja kitu cha rafiki yao kwa mara ya mwisho. Rosalie aliweka kiganja juu ya mdomo wa jerikani.

"Mutu asiguse. Benoît, ita boyi, alete Primus kwa bageni."

"Mama, ni desturi watu wa—"

"Nimesema Primus."

Aliuchomeka mrija ndani ya jerikani, akaibeba mwenyewe, mikono miwili, kama mtoto mzito. Akavuka nayo kizingiti ambacho kasiksi haikuwahi kuvuka, akaketi tena juu ya godoro lake na kuiweka katikati ya miguu. Wanawake wakamsogelea. Kisha akainua kichwa. Séraphine alikuwa amefika mlangoni, ameganda, hajui kama aingie au arudi kwao na kikundi chake.

Chini ya kitenge cha bluu Rosalie aliona ndara za plastiki, na udongo wa Bagira juu yake.

"Toa viatu, uingie," alisema. "Ukae hapa karibu. Unionyeshe vile alikuwa anaimba, na vile alikuwa anacheka, yote, usifiche kitu."

Séraphine alivua ndara zake, akazipanga vizuri mlangoni, akaja akaketi. Alipotulia, mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea mrija. Rosalie aliusogeza pembeni.

"Pombe, hapana," alimwambia. "Wewe ulishakunywaka yako."